Mwanamke Katika Daftari la Faini

Anayetaka kuelewa jinsi historia ya Kanisa la Methodist nchini Kenya ilivyoandikwa, na aanzie kwenye miaka miwili iliyofuatana hapa Nairobi. Julai 1985, jumba la KICC lilijaa wajumbe wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, na maelfu wengine wakakusanyika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwendo mfupi kwa miguu. Mwaka uliofuata, Wamethodisti wa dunia nzima walikutana katika jiji hilohilo, na Askofu Lawi Imathiu akashika uenyekiti wa Baraza lao la Dunia. Mtafiti akiufanya 1986 kuwa kilele cha masimulizi yake, atapata habari ya kweli na ya fahari: mtoto wa Meru aliyefika juu kabisa. Akiufanya 1985 kuwa kilele, itabidi aulize wanawake wa makanisa ya mjini walikuwa wapi wiki hizo, nani aliwaruhusu kuhudhuria, na walirudi kwa wachungaji wao na maswali gani. Uteuzi huo hufanyika kabla hata faili moja halijafunguliwa.

Zablon Nthamburi alikuwa na uteuzi wake. Kitabu chake cha historia ya Kanisa la Methodist nchini Kenya kilitolewa na Uzima Press ya Nairobi mwaka 1982, miaka kadhaa kabla mwandishi mwenyewe hajawa askofu mkuu wa kanisa hilo. Swali kubwa la kizazi chake lilikuwa Mwafrika alipataje kanisa lake mwenyewe, na njia ya kulijibu ilikuwa kufuata uongozi: mmishonari Thomas Wakefield aliyefika Ribe, pwani, mwaka 1862 kwa msaada wa mmishonari mwenzake Krapf, kisha Golbanti kwenye Mto Tana, kisha Meru kuanzia 1912, hadi kanisa kujitawala mwaka 1967. Bila msingi huo hakuna aliyekuja baadaye ambaye angepata pa kusimama. Lakini historia inayofuata uongozi haina budi kuwaonyesha waliokuwa uongozini, na kwa miaka mingi hao walikuwa wanaume.

Waliofuata walibadili mambo mawili: swali, na sanduku la kufungua. La sanduku ni la kiufundi na watu hulipita haraka, ndiyo maana nitakaa hapo kidogo. Nyaraka za wamishonari wa Kimethodisti wa Uingereza zimehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS, na humo mawasiliano ya kazi za wanawake yana fungu lake, mbali na kumbukumbu za sinodi. Mtu anaweza kusoma sinodi mwaka baada ya mwaka, akamaliza kwa uaminifu kabisa, asikutane hata mara moja na barua ya mwalimu wa kike aliyefundisha wasichana. Ukimya anaoukuta umetokana na mpangilio wa rafu. Wanawake wenyewe walikuwa wakiandika na kusema muda wote.

Nairobi nako kuna rafu zake. Makavazi ya Kitaifa katika Barabara ya Moi, ndani ya jengo lililokuwa benki, yana mafaili ya utawala wa kikoloni ya wilaya baada ya wilaya. Mkuu wa wilaya hakuyaweka ili tuijue historia ya wanawake. Alitaka kujua nani amevunja amri na nani amelipa. Ni humo, hata hivyo, ambamo mwanamke hutokea kwa wingi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Meru, mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, lilipiga marufuku tohara ya wasichana, marufuku ambayo misheni ya Kimethodisti ilikuwa imeipigania tangu mvutano mkubwa wa 1929 na 1930 kuhusu desturi hiyo. Mara wasichana wakaanza kununua nyembe madukani, wakaenda vichakani na kukatana wenyewe. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Mwanahistoria Lynn Thomas alizifuatilia kesi zao na kukuta kwamba katika miaka mitatu hivi zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa kwa kuikaidi amri hiyo.

Tazama alivyofanya. Idadi ya mashtaka inatuambia ukaidi ulienea kiasi gani. Sababu yake haimo humo, kwa kuwa mahakama haikumuuliza msichana alitaka kuwa nani. Mshtakiwa ni jina, kosa na adhabu. Hivyo Thomas akaenda Meru kuwahoji wanawake waliokuwa wasichana wakati ule. Wao ndio waliomweleza hofu ya kubaki watoto wakati wenzao wanakuwa wanawake, na uzito wa mamlaka ya wanawake wazee katika jambo ambalo wazee wa kiume walilikata peke yao. Kisha akarudi kwenye mafaili akiwa na maswali mapya. Mtafiti huenda na kurudi namna hiyo mara nyingi, naye anayefanya safari moja tu huishia kuandika ripoti ya mkuu wa wilaya kwa maneno ya kisasa.

Tena ni mfano mgumu kwa yeyote anayetafiti kwa ajili ya haki. Mimi naamini ukeketaji ni dhuluma na marufuku yake ni halali. Bado wasichana wale wana haki ya kuandikwa walivyokuwa, watu walioamua jambo katikati ya amri za wanaume wa pande zote, wala si ushahidi wa hoja yangu.

Upande wa simulizi, mwalimu mkuu kwetu ni Profesa Esther Mombo wa Chuo Kikuu cha St Paul's, Limuru. Tasnifu yake ya Edinburgh ya mwaka 1998 inahusu wanawake wa Kiluhya katika Kanisa la Friends (Waquaker), na yeye ni Mwanglikana, lakini njia yake imewafikia Wamethodisti moja kwa moja kwa kuwa chuo hicho ni chao pia: waliingia katika ushirika wa kukiendesha mwaka 1955, pamoja na Wapresbiteri. Mwaka 2011 alihariri na Heleen Joziasse kitabu cha simulizi za wanawake waliosomea theolojia hapo. Maisha ya mwanafunzi, ada aliyonyimwa, parokia iliyomkataa, yakawa nyaraka zenye tarehe na mwandishi. Nyuma ya kitabu hicho kulikuwa na Duara la wanatheolojia wanawake wa Afrika, lililozinduliwa Ghana mwaka 1989 kwa juhudi za Mercy Amba Oduyoye, Mmethodisti, na baadaye likaratibiwa na Mkenya, Musimbi Kanyoro. Duara lilisisitiza kuandika na kuchapisha, na hivyo likaunda wasomaji ambao mwanamke mmoja katika kitivo cha wanaume asingewapata.

Simulizi nazo zina udhaifu wao. Mama wa kanisa akihojiwa uani mwa kanisa, mchungaji akiwa karibu, mara nyingi atatoa ushuhuda: nilikuwa gizani, nikaokoka. Akihojiwa jikoni kwake atataja pesa. Vyote ni kweli, ila mtafiti aandike mahojiano yalifanyika wapi na nani alikuwepo, la sivyo msomaji hana namna ya kuyapima.

Pesa ndizo ninazotamani ziandikwe sasa. Kutoka Lavington, yaliko makao makuu ya kanisa, hadi Kawangware ni mwendo wa miguu, na vyama vya wanawake wa makanisa ya huko vina madaftari ya michango: nani alitoa shilingi ngapi, kwa mazishi ya nani, kwa paa la jengo lipi. Mengi yako majumbani kwa waweka hazina, ndani ya mifuko ya plastiki, na mweka hazina akihama nyumba daftari hupotea. Simu yenye kamera inatosha kuyaokoa. Kabla ya picha ya kwanza, chama kikubaliane kwa maandishi nani atamiliki nakala, majina yapi yafichwe, na daftari lenyewe lirudi kwa mwenyewe jioni hiyohiyo.