Isoma si majina tu: neno juu ya somo la alkeni na petroli



Nimelisoma mara mbili lile somo la hidrokaboni lililoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana wa sekondari. Jina la mwandishi naliacha, maana nia yangu si kumvunja mtu. Kiswahili chake kizuri, tena kizuri kuliko changu mimi niliyezoea kuisema kemia kwa Kiingereza. Ila kemia yenyewe imepotelea njiani, na hilo ndilo linaloniuma. Wasioitakia lugha yetu mema wakilishika somo hili watasema, mnaona, Kiswahili hakiwezi sayansi. Kumbe lugha haina kosa.

Yeye anasema isoma ni vitu vyenye fomula moja na majina tofauti, kisha anapanga majina. Mwanafunzi atayakariri, atafaulu, na hatojua kitu. Chukua kaboni nne na hidrojeni nane. Alkeni zinazopatikana hapo ni nne: but-1-eni, methailipropeni, na but-2-eni za namna mbili, ya sis na ya trans. Hizo mbili za mwisho zimeungana kwa mfuatano ule ule, tofauti ni kwamba katika sis vile vipande viwili vya kaboni vya pembeni viko upande mmoja, na katika trans vinapeana migongo. Basi? Basi ya sis huchemka kwenye nyuzi 3.7 za Selsiasi, ya trans kwenye 0.9. Lakini kwenye kuyeyuka mambo yanageuka: sis huyeyuka karibu na nyuzi 139 chini ya sifuri, trans karibu na 105 chini ya sifuri. Umbo la trans limenyooka, hupangika vizuri likiganda. La sis limejikunja, halipangiki. Hapo ndipo mtoto anapoona kwamba umbo ni kitu, si jina.

Na kwa nini sis isijizungushe ikawa trans? Somo limenyamaza kabisa! Pigilia vibao viwili kwa msumari mmoja, kimoja kitazunguka juu ya kingine. Piga msumari wa pili, mzunguko umekwisha. (Mfano huu una kasoro: kifungo cha pili cha kaboni ni dhaifu kuliko cha kwanza, elektroni zake zimekaa juu na chini ya mstari, na ukitaka kuzungusha ni lazima ukivunje. Lakini fundi seremala yeyote atakuelewa.) Kwa kuwa sababu haikutajwa, mwandishi mwenyewe kateleza: kachora but-1-eni ya sis na ya trans. Hazipo hizo. Kaboni yake ya mwisho ina hidrojeni mbili, ukizibadilishana unarudi pale pale.

Sasa tuje kwenye petroli, maana huko kosa linaingia mfukoni. Hapa Muscat ninakoishi pampu zimeandikwa 91 na 95, na watu wenye digrii zao hudhani 95 ina oktani nyingi zaidi, au ina nguvu zaidi. Somo nalo linasema hivyo hivyo. Jamani! Oktani iliyonyooka, yenye kaboni nane mstari mmoja, ni mafuta mabaya mno kwa injini ya petroli; kwenye kipimo hicho inaangukia chini ya sifuri. Ile iliyopewa 100 ni isoma yake yenye matawi, 2,2,4-traimethailipentani, na sifuri ikapewa heptani iliyonyooka. Ndivyo Graham Edgar alivyopendekeza miaka ya 1920. Kwa hiyo 95 maana yake ni kwamba petroli hiyo inahimili kugonga sawa na mchanganyiko wa 95 kwa 5 wa hizo mbili. Joto la kuungua la isoma zote mbili za oktani karibu ni lile lile. Iliyonyooka hujiwasha yenyewe ikibanwa, kabla moto wa plagi haujaifikia, na hapo ndipo injini inapogonga. Yenye matawi husubiri.

Na alkeni zinaingia wapi? Somo limezitenga sura mbili, kana kwamba hazijuani. Kumbe kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta alkeni zile zile za kaboni nne huunganishwa na methailipropani, kwa asidi kali ya salfuriki au ya hidrofloriki, zikatoka oktani zenye matawi.

La mwisho, na hili ndilo zito. Somo linasema petroli ya magari hutiwa madini ya risasi ili isigonge, tena kwa wakati uliopo. Njia hiyo Thomas Midgley aliigundua mwaka 1921, na ni sumu kwenye akili za watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliafikiana Dakar mwaka 2001 kuiacha, zikaiacha kufikia mwanzo wa 2006. Algeria, ya mwisho duniani, iliacha 2021. Mwandishi aifute sentensi ile, na mahali pake aweke mchoro wa isoma yenye matawi. Mchoro wa but-1-eni nao aung'oe.