Muundo Unaochelewesha Minyoo: Kuusoma Mwongozo wa Mary Appelhof

Wahakiki wetu wamezoea kuchambua fani ya riwaya, tamthilia na ushairi. Vitabu vya maelekezo tunavipima kwa swali moja tu: je, ukifuata yaliyoandikwa, kazi inakubali? Worms Eat My Garbage, kitabu cha Mary Appelhof cha mwaka 1982, kinastahili zaidi ya kipimo hicho. Mwandishi alikuwa mwalimu wa baiolojia mjini Kalamazoo, jimbo la Michigan nchini Marekani, ambako wakati wa baridi ardhi huganda na shimo la taka bustanini huwa halifanyi kazi. Aliwaingiza minyoo ndani ya nyumba, akawalisha mabaki ya jikoni, kisha akaandika na kujichapishia mwongozo wake. Maudhui yake unaweza kuyapata leo katika kipeperushi chochote. Kinachokitofautisha kitabu hiki ni fani, na hasa muundo.

Vichwa vya sura ni maswali, na anayeuliza anasema kwa nafsi ya kwanza. Ni mwenye nyumba: sanduku niliweke wapi, nilitengeneze kwa kitu gani, ndani nitandike nini, minyoo niwanunue wa aina ipi na kiasi gani? Majibu yanamgeukia kwa nafsi ya pili, kwa sauti ya mwalimu asiye na haraka. Hivyo kitabu kizima kinakwenda kwa majibizano, na msomaji anajikuta ameuliza kabla ya kuelekezwa. Ukimwambia mtu "toboa matundu", atatoboa mawili matatu akaacha. Ukimfanya kwanza ajiulize minyoo watapumuaje ndani ya sanduku lililofungwa, atatoboa ya kutosha na mahali panapofaa.

Angalia sasa mpangilio wa maswali hayo. Minyoo, ambao jina la kitabu limewatanguliza mbele kabisa, hawaji upesi. Kwanza mahali, kisha sanduku, kisha matandiko, ndipo tunafika kwa mnyoo mwekundu, Eisenia fetida, anayeishi kwenye vitu vinavyooza na ambaye hafai kuchanganywa na mnyoo wa shambani anayechimba udongo. Mpangilio huu umekusudiwa. Kosa kubwa la anayeanza ni kununua minyoo leo na kuwatafutia makao kesho. Matokeo yake wanatupwa kwenye ndoo ya maganda mabichi na kufa ndani ya siku chache. Muundo wa kitabu unalizuia kosa hilo bila kulikemea. Anayefuata sura kwa zamu hana namna ya kuwanunua wageni kabla chumba hakijatandikwa.

Sura ya matandiko ndiyo ninayoiona bora kuliko zote. Karatasi za magazeti zinachanwa vipande vyembamba na kulowekwa kwa uzito wa maji mara tatu ya uzito wa karatasi kavu, kisha unaongezwa udongo kiganja kimoja. Mkononi, matandiko yaliyo sawa yanajulikana mara moja: yabinye kwa nguvu, yatoe matone machache tu. Yakitiririsha maji, ongeza karatasi kavu. Yasipotoa hata tone, nyunyiza. Mnyoo anapumua kwa ngozi, na ngozi hiyo haina budi kuwa na unyevu. Lakini maji yakijaza nafasi zote kati ya karatasi, hewa inakosa pa kupita. Elimu yote ya sanduku la minyoo imo katika kitendo hicho cha kubinya.

Hata takwimu zimepewa umbo linalokaa kichwani. Sanduku lina futi 1 kwenda chini, futi 2 upana na futi 3 urefu: moja, mbili, tatu. Kiasi cha minyoo nacho kinatokana na jiko la msomaji mwenyewe. Anatakiwa kupima mabaki yake kwa wiki nzima na kutafuta wastani wa siku, halafu anunue minyoo wa uzito mara mbili ya wastani huo. Anayetupa nusu kilo kwa siku anahitaji kilo 1 ya minyoo. Kitabu hakimpi nambari tupu, kinampa zoezi.

Tuje kwenye hitilafu, maana hapo ndipo muundo huu unaposhinda wazi. Miongozo mingi hupanga matatizo katika jedwali la safu tatu: tatizo, sababu, tiba. Harufu ina mstari wake, vijinzi vya matunda vina wao, utitiri mweupe una wake, na minyoo wanaopanda mfunikoni wamewekwa peke yao chini kabisa. Jedwali hilo linapendeza macho, lakini linapotosha. Ndani ya sanduku mambo hayo kwa kawaida ni mlolongo mmoja. Chakula kimezidi uwezo wa minyoo, kimeoza kabla hawajakifikia, majimaji yake yameloanisha matandiko hadi yakashikana, na hewa imekatika. Vijidudu visivyohitaji hewa vinashika nafasi na harufu inaanza. Uchachu unapanda, utitiri unaongezeka, minyoo wanakimbia juu. Msomaji wa jedwali anahangaika na kila mstari. Tiba ni ile ile: acha kulisha wiki moja au mbili, tifua kwa upole, changanya karatasi kavu, zibua matundu, na ukianza tena fukia chakula.

Appelhof ametawanya sababu hizo katika sura zote: hewa kwenye sanduku, maji kwenye matandiko, kufukia kwenye sura ya kulisha. Maswali ya mara kwa mara yanapokuja karibu na mwisho, msomaji makini tayari anajua majibu. Wadudu wengine nao wamepewa sura yao, mbali na matatizo, na wanaelezwa kama wakazi wenye kazi. Ukijua hivyo, huukimbilii mkebe wa dawa ukiona vidudu vyeupe vinarukaruka juu ya ganda la ndizi.

Hata hivyo, muundo huu una gharama. Mtu ambaye sanduku lake linanuka usiku huu hajui afungue ukurasa gani. Kitabu kinamdai akisome tangu mwanzo. Na ile nafsi ya kwanza ni ya mtu mmoja anayeamua peke yake. Jikoni kwetu mabaki hupitia mikono mingi: mama, dada wa kazi, watoto, mgeni anayemwaga chai ya maziwa iliyobaki. Nyingi kati ya hitilafu tunazozitafutia chanzo ndani ya sanduku zimeanzia kwenye mikono hiyo, na kitabu hakina swali linaloulizwa na "sisi". Tena ni kitabu cha nchi ya baridi. Minyoo hawa wanastawi kwenye nyuzi 15 hadi 25. Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari joto linapita 30, na sisimizi hawachelewi kuingia matandiko yakikauka.

Kwa hiyo atakayetuandikia mwongozo wa Kiswahili asitafsiri kitabu hiki sura kwa sura. Achukue maswali, achukue ule ucheleweshaji wa minyoo, aliache jedwali. Sura ya kwanza aitoe kwa kivuli na joto, miguu ya sanduku aisimamishe kwenye vikopo vya maji ili sisimizi wasipande, na maswali yote ayaandike kwa wingi, ili kila anayeshika sahani jikoni ajue kinachoruhusiwa kuingia humo.