Mtoto wa Mbwa Humzoea Mtu Lini?

Mbwa akiwa mwoga au mkali, lawama huenda kwa mbegu yake au kwa bwana wake. Mara chache huulizwa jambo la tatu: alikuwa na umri gani aliposhikwa na mtu kwa mara ya kwanza? Jaribio lililochapishwa mwaka 1961 katika jarida la Science lilitoa jibu, na mpango wake unastahili kuchambuliwa na yeyote mwenye mbwa aliyezaa nyumbani.

Daniel Freedman, John King na Orville Elliot walifanya kazi hiyo Bar Harbor, katika jimbo la Maine, Marekani. Walilea watoto wa cocker spaniel na beagle pamoja na mama zao katika viwanja vyenye uzio mrefu. Chakula na maji vilipitishwa kwenye tundu la uzio, hivyo watoto hao hawakuona mtu. Kisha baadhi walitolewa wakiwa na wiki 2, wengine 3, 5, 7 au 9. Kila mmoja alikaa ndani wiki moja, akashikwa na kuchezeshwa, halafu akarudishwa uwanjani. Kundi la mwisho liliachwa mpaka wiki ya 14.

Hapo ndipo penye ustadi wa jaribio lenyewe. Malezi yalikuwa yaleyale na muda wa kuchezeshwa ni uleule. Kilichobadilishwa ni umri tu.

Wa wiki 2 walikuwa wachanga mno, kazi yao kulala na kunyonya. Wa wiki 3 walimwendea mtu papo hapo. Wa wiki 5 walisita kwanza, kisha wakajiachia. Wa wiki 7 walihitaji kama siku mbili kabla ya kusogea, na wa wiki 9 walichukua muda mrefu zaidi. Wa wiki 14 walibaki kama wanyama wa porini. Mmoja wao alipapaswa na kubembelezwa kwa miezi mitatu, na mabadiliko yakawa madogo tu.

Sababu ni kwamba udadisi hutangulia woga. Macho hufunguka karibu na wiki ya 2, masikio wiki ya 3, na kwa muda mfupi mtoto hufuata kila kitu kigeni. Kuanzia wiki ya 5 hivi woga huanza kukua, na kila wiki ipitayo hufanya kazi ya kumzoesha kuwa ngumu zaidi. Wala chakula si msingi wa mapenzi hayo: katika utafiti mwingine wa miaka ya 1950, watoto waliolishwa kwa mashine walimzoea mtu kama waliolishwa kwa mkono.

Nyumbani, basi, wiki mbili za mwanzo ni za joto, maziwa na kupima uzito kila siku. Asiyeongezeka anahitaji msaada haraka. Dawa ya minyoo huanza wiki ya 2, kwa sababu minyoo hutoka kwa mama tangu tumboni na katika maziwa. Kuanzia wiki ya 3, kila mtoto ashikwe peke yake dakika chache kila siku: aguswe masikio, afunuliwe mdomo, abonyezwe vidole vya miguu. Wapite watu wa kila namna: watoto, wazee, mwanamume mwenye kofia, mwanamke mwenye baibui. Asikie blenda, bodaboda, mvua ikipiga mabati. Akijikunyata, punguza sauti au sogea mbali. Kumlazimisha ni kumfundisha woga.

Kikwazo ni chanjo. Chanjo za kwanza hutolewa wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa hadi wiki ya 16, na ugonjwa wa parvo huua. Wengi kwa hofu hiyo humfungia mtoto hadi amalize chanjo zote, yaani hadi kufikia umri wa lile kundi la mwisho la Bar Harbor. Njia ni kuleta dunia kwake: wageni wavue viatu na kunawa mikono, naye abebwe mikononi hadi barabarani bila kukanyaga chini.

Anayenunua mbwa wa ulinzi naye ajifunze hapa. Kabla ya kuuliza mbegu na bei, aulize nani amekuwa akiwashika watoto hawa tangu wiki ya 3. Muuzaji akijibu kwamba huwarushia chakula bandani na kuondoka, bei iwe rahisi kiasi gani, mbwa huyo ni ghali.