Kukata na Kulaza: Neno "quarter" mbele ya Mfasiri wa Kiswahili

Neno la Kiingereza "quarter" linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya "wa nne", nalo lilipitia Kifaransa cha kale kabla ya kufika Uingereza. Hutaja robo ya kitu, mtaa wa mji, miezi mitatu ya mwaka, makazi ya askari, hata huruma anayopewa adui aliyeshindwa. Likiwa kitenzi, humaanisha kukata vipande vinne, na vilevile kuwapatia askari malazi. Msomaji wa Lubumbashi aweza kudhani kwamba analifahamu, kwa sababu ya "quartier" anamokaa. Lakini Kifaransa hutumia "quart" kwa robo ya hesabu na "quartier" kwa mtaa. Kiingereza kimeitwika yote mawili neno moja.

Kamusi huzipanga maana hizo kwa nambari, kana kwamba hazijuani. Historia yaonyesha kinyume. Adhabu ya msaliti kukatwa vipande vinne ilidumu katika sheria ya Uingereza hadi mwaka 1870. Tena, mwaka 1765 Bunge la nchi hiyo liliyalazimisha makoloni yake ya Amerika kugharimia malazi ya askari, na chuki iliyotokana na jambo hilo ilichangia marekebisho ya tatu ya katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Kulaza jeshi, basi, hakukuwa ukarimu. Panga na kitanda vilikuwa mikononi mwa mamlaka ileile.

Mfano ulio bora unapatikana katika "Julius Caesar" ya Shakespeare, tamthilia ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963 na kuirekebisha mwaka 1969. Katika tendo la tatu, Antony, akiwa mbele ya maiti ya Caesar, anatabiri vita vitakavyowakata watoto wachanga huku mama zao wakitazama. Katika tendo la nne, inaletwa taarifa kwamba jeshi la Cassius litalala Sardi usiku huo. Kitenzi ni kilekile, na umbo lake ni lilelile. Kama mwandishi alikusudia mwangwi huo au hakukusudia, sikio la Mwingereza laweza kuusikia: askari wanaotafuta pa kulala ndio mikono ya vita iliyotabiriwa.

Mfasiri wa Kiswahili afanyeje? Neno "robo" halimsaidii, kwani halina kitenzi cha kukata wala cha kulaza. Akiandika "kukatwakatwa" hapa na "kupiga kambi" pale, maana inafika salama, ila mwangwi unakufa. Kumlaumu kwa hilo si haki. Hata hivyo, kusema kwamba Kiswahili hakina njia ni uvivu. Kitenzi "-laza" kipo: mgeni hulazwa chumbani, na marehemu hulazwa kaburini. Watoto wakilazwa chini na vita, kisha jeshi likalazwa Sardi, msomaji ataona tena malazi na mauti yakikutana. Makali ya kisu yatapungua, na hiyo ni hasara ya kweli, lakini tishio litabaki.

Kwa hiyo wanafunzi wanaofundishwa kutafuta kisawe kimoja kwa kila nambari ya kamusi wanafundishwa nusu ya kazi. Swali la mfasiri si tu "neno hili ni nani kwetu?", bali pia "lilifanya kazi gani kwao, na ni mzizi gani wetu uwezao kuifanya?"