Saa nane zilizopotea Atlanta

Theluji iliyoanguka Atlanta, Marekani, Jumanne ya Januari 28, 2014 haikufika hata sentimita saba. Miji ya kaskazini kama Minneapolis hupokea kiasi hicho, ikasafisha barabara usiku na watu wakaenda kazini asubuhi. Atlanta ilisimama. Maelfu ya madereva walilala ndani ya magari, na wengine waliyatelekeza njiani wakatembea kwa miguu gizani. Zaidi ya wanafunzi 2,000 walilala shuleni. Ajali zilipita elfu moja. Kwenye barabara kuu ya I-285, mtoto alizaliwa ndani ya gari lililokuwa limenaswa.

Wiki mbili baadaye mji uleule ulipigwa na dhoruba ya pili, yenye barafu nyingi kuliko ile ya kwanza. Safari hii barabara kuu zilikuwa nyeupe na tupu, na magari ya chumvi yalipita bila kuzuiwa. Katika siku hizo 14 mji haukugeuka kuwa Minneapolis. Kilichobadilika ni saa ambayo uamuzi ulifanywa. Ndiyo maana nashikilia kwamba vita dhidi ya barabara ya barafu huamuliwa kabla ya theluji kuanza kuanguka, na silaha kubwa ya mji usio na mitambo mingi ni kuamua mapema.

Baridi ilifika kabla ya theluji

Hewa baridi ni nzito. Inaposhuka kutoka Kanada, hutambaa karibu na ardhi na kujipenyeza chini ya hewa ya vuguvugu, ikiisukuma juu. Mahali hewa hizo mbili zinapokutana ndipo upepo unapobadili mwelekeo na kupata nguvu, na joto likaporomoka kwa saa chache. Mara nyingi mvua au theluji hunyesha palepale, ukingo wa baridi unapopita.

Januari ile mambo yalijipanga kwa hatua mbili. Kwanza baridi kali ilipita juu ya Georgia, jimbo ulimo mji wa Atlanta, na kuigandisha ardhi. Kisha, Jumanne, unyevu kutoka Ghuba ya Mexico ulipanda juu ya ile hewa baridi iliyokwisha kujikita chini, ukageuka theluji. Kwa hiyo chembe za kwanza ziliangukia lami ambayo tayari ilikuwa baridi. Hapakuwa na nafasi ya theluji kuyeyuka kwanza ili kuwapa watu muda wa kufika nyumbani.

Watabiri walikuwa na kazi ngumu ya kuchora mstari wa kaskazini wa theluji hiyo. Mwanzoni mwa wiki angalizo lilitolewa, lakini macho ya wengi yalielekezwa kusini mwa mji, kulikotarajiwa theluji nzito zaidi. Kusogea kwa mstari huo kwa makumi machache tu ya kilomita kulitosha kuubadilishia hatima mji wa mamilioni ya watu. Ilipofika saa tisa na dakika 38 usiku wa kuamkia Jumanne, Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ilitoa onyo kamili la dhoruba ya theluji, na eneo la Atlanta lilikuwa ndani yake. Theluji ilianza kushika barabara za mji mchana, kuanzia mnamo saa sita.

Kati ya onyo na theluji palikuwa na saa nane na zaidi. Katika saa hizo wazazi waliwapeleka watoto shuleni, ofisi zilifunguliwa, na matrela ya mizigo yaliendelea kuingia mjini kama siku yoyote. Atlanta ni njia panda ya I-75, I-85 na I-20, kwa hiyo malori mengi yanayopita hapo hayana hata shughuli na mji wenyewe.

Jinsi foleni ilivyotengeneza barafu

Theluji ilipoonekana madirishani, kila mtu aliamua jambo moja kwa wakati mmoja. Shule, ofisi za serikali na kampuni binafsi ziliwaachia watu mchana uleule. Safari ambazo kwa kawaida hugawanyika kwa saa nyingi za jioni zilimiminwa barabarani kwa saa moja au mbili.

Tairi linapopita juu ya theluji nyembamba, uzito wa gari huigandamiza, na joto la tairi na la injini huyeyusha sehemu yake. Magari yakiwa yanakwenda, maji hayo hurushwa pembeni. Magari yakisimama, maji hubaki palepale na kuganda upya, yakiwa na utelezi na ugumu kuliko theluji ya awali. Maelfu ya magari yaliyosimama Atlanta mchana ule yalikuwa yakiisaga theluji kuwa bamba la barafu chini ya matairi yao wenyewe.

Hesabu ya breki inaeleza kilichofuata. Kwenye lami kavu, tairi zuri hupata mshiko wa takriban 0.7. Kwenye barafu mshiko huo hushuka hadi karibu 0.1. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ukiacha muda ambao dereva anautumia kufikiri, husimama ndani ya mita 14 hivi kwenye lami kavu. Kwenye barafu linahitaji karibu mita 100. Ukiongeza mwendo hadi kilomita 80 kwa saa, unahitaji takriban mita 250. Dereva mzoefu hana ujanja wa kuifuta hesabu hiyo, na gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne halimsaidii kusimama. Linamsaidia tu kuondoka.

Atlanta pia ina vilima. Trela moja likishindwa kupanda mteremko, kichwa chake hukunjana na tela na kuziba njia zote. Nyuma yake magari husimama, barafu huongezeka, na trela lingine hukwama. Magari ya kutandaza chumvi na ya kuvuta yaliyoharibika, yaliyotakiwa kuukata mzunguko huo, yalikuwa nyuma kabisa ya foleni ileile. Mtambo uliokwama kwenye foleni hausaidii chochote, hata ukiwa na mia moja. Hapo ndipo msemo wa wakati ni ukuta ulipotimia.

Chumvi ina masharti yake

Wengi hudhani chumvi inachoma barafu. Kazi yake hasa ni kuyazuia maji yasigande kwa urahisi. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Maji yenye chumvi takriban asilimia 23 yanaweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Barabarani mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu kila theluji inayoyeyuka huipunguza nguvu chumvi iliyopo. Joto la lami likishuka chini ya nyuzi 9 hasi hivi, chumvi ya kawaida hufanya kazi polepole mno, na mafundi hulazimika kuongeza kemikali nyingine kama kloridi ya kalsiamu, au kumwaga mchanga ili tairi lipate pa kushika.

Njia bora ni kunyunyizia maji ya chumvi kwenye lami kavu kabla ya dhoruba. Maji hukauka na kuacha mistari myeupe ya chumvi, na theluji ikianguka, tabaka lake la chini linakosa pa kujishikiza. Chumvi inayowahi kabla ya theluji hutumika kidogo sana ikilinganishwa na ile inayohitajika kubandua barafu iliyokwisha kushika. Lakini dhoruba ikitanguliwa na mvua, chumvi yote huoshwa. Siku zikipita, magari huipeperusha. Madaraja nayo huganda kabla ya barabara ya kawaida, kwa kuwa hewa baridi huyapiga juu na chini, wala hayana ardhi ya kuyapa joto.

Fort Worth, Texas, ilionyesha hatari ya kudhani kwamba kunyunyizia mara moja kunatosha. Alfajiri ya Februari 11, 2021, wimbi la baridi likiwa limeshatanda, manyunyu yaliyokuwa yakiganda yalianguka kwenye sehemu ya I-35W iliyoinuliwa kutoka ardhini. Sehemu hiyo ilikuwa imenyunyiziwa maji ya chumvi takriban siku mbili kabla. Takriban magari 130 yaligongana na watu 6 walikufa. Uchunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ulielekeza lawama kwenye udhaifu wa kufuatilia hali ya barabara na kuishughulikia ilipobadilika. Kwa maneno mengine, chumvi ilitangulia vizuri, lakini ufuatiliaji haukutosha kujua kama bado ipo na bado inafanya kazi.

Somo la Februari

Turudi Atlanta. Jumatatu ya Februari 10, 2014, kabla dhoruba ya pili haijafika, Gavana Nathan Deal alitangaza hali ya dharura katika kaunti nyingi za Georgia. Shule zilitangaza kufungwa mapema. Waajiri waliwaambia wafanyakazi wabaki nyumbani. Barafu na theluji zilipoanza kushuka, hapakuwa na foleni ya kuzigeuza bamba, na magari ya chumvi yalikuwa na nafasi ya kupita njia moja mara nyingi.

Mafanikio hayo yalikuwa ya barabarani tu. Barafu ilijiviringisha kwenye matawi na nyaya, upepo ukavunja miti, na mamia ya maelfu ya wateja wa Georgia wakakosa umeme. Kuwazuia watu wasitoke hakuzuii nguzo zisianguke. Hata hivyo, mafundi wa umeme walikuta barabara zinapitika, na wagonjwa walioita gari la wagonjwa hawakuwa wamezungukwa na maelfu ya magari yaliyotelekezwa. Uamuzi mmoja wa mapema ulirahisisha kazi nyingine zote zilizofuata.

Baadaye jimbo liliongeza uwezo wa kutengeneza na kunyunyizia maji ya chumvi. Ilikuwa hatua sahihi. Lakini mji unaopata theluji siku chache kwa mwaka hauwezi kununua msafara wa mitambo kama wa Minneapolis, na wala hauna haja. Unachoweza kumudu ni utaratibu ulioandikwa mapema: onyo likitolewa usiku, nani anaamua, kwa saa ngapi, na shule zifunguliwe au la. Watu wakilazimika kuondoka mjini, waondoke kwa zamu, shule kwanza, ofisi baadaye, na matrela yazuiwe kuingia kabla ya yote.

Nani analipa gharama ya tahadhari

Kuna pingamizi moja lenye uzito: tahadhari ikitolewa na theluji isianguke, siku nzima ya kazi imepotea. Hasara hiyo haiwagusi wote sawa. Mwenye ofisi hufanya kazi akiwa nyumbani. Anayelipwa kwa saa ghalani, kwenye kiwanda cha kuku au nyuma ya usukani hupoteza ujira. Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, kunaishi familia nyingi za wakimbizi, zikiwemo za Wakongo wanaozungumza Kiswahili, na wengi wao hufanya kazi za aina hiyo, mbali na nyumbani, kwa zamu zinazoanza kabla ya mapambazuko. Mtu wa namna hiyo akiachiwa aamue peke yake kati ya ujira na usalama, ataondoka nyumbani. Kumlaumu baadaye kwa kuwa barabarani si haki.

Ndiyo maana uamuzi lazima ufanywe na wenye mamlaka, na mapema, kwa lugha ambazo watu wanazielewa. Ujumbe wa Kiingereza unaotumwa saa kumi usiku haumfikii mama aliyezoea Kiswahili. Waajiri nao wanapaswa kutangaza kabla ya zamu kuanza ikiwa kazi ipo, na kama siku ya dhoruba italipwa.

Kwa msomaji aliye huko baridi ilipo, kipimo ni kimoja: usisubiri theluji ndipo uamue. Soma onyo usiku, angalia saa ambayo joto litashuka chini ya sifuri, kisha pima kama utakuwa umerudi kabla ya saa hiyo. Kama huwezi kurudi, mpigie msimamizi wako kabla hujaondoka. Gari likiwa lazima, jaza mafuta, beba blanketi, maji na chaja, na punguza mwendo kabla ya daraja, si juu yake. Na kwa wanaoongoza miji na kampuni, kazi ni kuamua ndani ya zile saa nane, wakati barabara bado kavu na kila mlango bado unaweza kufungwa bila mtu kunaswa nje.