Mfereji wa kasiterite: kwa nini mteremko pekee hautoshi

Kabimba, kando ya Ziwa Tanganyika, jiwe la chokaa lenyewe ndilo mali: linasagwa, linageuzwa saruji. Manono, ndani ya jimbo hilohilo la Tanganyika, Kongo (DRC), mambo ni mengine. Kasiterite, madini ya bati ambayo kampuni ya Géomines iliyachimba huko enzi za Wabelgiji, imetawanyika katika miamba iliyooza na kokoto. Njia ya zamani ya kuitenga ni mfereji wa wazi: udongo unamwagwa juu, maji yanausukuma, madini yanabaki.

Kwa nini yabaki? Wengi watajibu: ni mazito. Kweli, kasiterite ni nzito karibu mara 7 ya maji, na kwatzi, yaani mchanga wa kawaida, mara 2.65. Ukiondoa msukumo wa maji wa kuinua punje, tofauti hupanda hadi mara 3.6 hivi. Lakini hiyo haitoshi.

Chukua mfereji wenye maji ya kina cha sentimita 5, unaoshuka sentimita 5 kwa kila mita. Zidisha uzito wa maji kwa kina na kwa mteremko: sakafu inakwanguliwa kwa nguvu ya paskali 24 au 25. Punje ya kwatzi ya milimita 1 hung'oka kwa chini ya paskali 1. Ya kasiterite, kwa paskali kama 3. Zote zinakwenda! Kwenye sakafu laini, uzito hauokoi kitu.

Kinachookoa ni mbao, vijiti au mawe yaliyokingamishwa. Nyuma ya kila kizuizi maji hutulia na kuzunguka. Mchanga hurushwa tena, kasiterite huzama. Ukimwaga udongo kwa pupa, mchanga hujaza nafasi hizo, na mfereji unarudi kuwa sakafu laini.

Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni unga wa kasiterite. Punje nene ya kasiterite hutua kwa kasi sawa na kwatzi yenye upana mara 3.6 ya upana wake. Kwa chembe laini sana uwiano huo hushuka hadi 1.9. Hapo mfereji hautofautishi vizuri. Udongo mweupe wa kaolini, unaotokana na miamba iliyooza, hulifanya tope kuwa zito kama uji na kuchelewesha kutua. Kuongeza mteremko ili tope lipite ndiko kunakopeleka unga mtoni.

Afadhali udongo uvurugwe na kuchujwa kabla, kisha unga upewe mfereji wake: mpana, maji ya kina kidogo, mteremko mdogo. Mabaki yanayotoka mwisho wa mfereji yaoshwe kwenye karai. Yakionyesha weusi wa kasiterite chini, mteremko upunguzwe siku hiyohiyo.