Simba na Kondoo: Tunavyokisoma Kitabu cha Padre Donovan

Kitabu cha Padre Vincent Donovan, Christianity Rediscovered, kilitoka mwaka 1978, na habari zake ni za wilaya yetu ya Ngorongoro. Mwandishi alikuwa mmisionari Mkatoliki kutoka Marekani. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake kwamba misheni ya Loliondo ina shule na hospitali, lakini hakuna Mmasai mtu mzima anayeishi Ukristo. Akaomba aende kwenye maboma kuzungumza juu ya Mungu tu. Sisi Walutheri wa Engaresero, chini ya Oldoinyo Lengai, tunakisoma kama barua ya jirani.

Sehemu inayokumbukwa zaidi ni maneno ya mzee mmoja wa Kimasai, ambaye kitabu hakimtaji jina. Mzee alimweleza padre kwamba neno alilolitumia kwa imani halitoshi, kwa kuwa maana yake ni kukubali tu. Anayekubali tu ni kama mwindaji mwenye bunduki, anayeua kutoka mbali kwa jicho na kidole. Aaminiye kweli ni kama simba: hutumia pua, masikio, miguu na nguvu zote, mpaka amkumbatie mnyama kifuani.

Mhubiri akiishia hapo, anawatwisha watu mzigo. Imani inakuwa mbio. Mwenye nguvu hupata, mnyonge hukosa. Ukame ukimaliza mbuzi wa mjane, anaambiwa imani yake ni ndogo. Mgonjwa aliyeombewa asipopona, anaongezewa hatia juu ya maumivu. Maneno ya namna hiyo yanasikika hata misibani, na yamewafanya wengine waache kuja ibadani.

Lakini mzee yule hakuishia hapo. Alimkumbusha padre kwamba Wamasai hawakumtafuta. Yeye ndiye aliyewafuata mpaka malishoni. Vivyo hivyo hawakumtafuta Mungu, bali Mungu aliwatafuta wao. Kumbe simba ni Mungu mwenyewe. Hii ndiyo nguvu ya kitabu, na inapatana na Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, tunayowafundisha vijana wa Kipaimara: kwa akili na nguvu zetu hatuwezi kumwendea Kristo; Roho Mtakatifu ndiye anayetuita kwa Injili. Basi unyenyekevu si kujidharau. Ni kukiri kwamba tulitafutwa kabla hatujatafuta.

Hata hivyo tunaona upungufu mmoja. Kwa mfugaji, simba ni adui wa zizi, na anachokikamata hufa. Mfano huu unasema kweli juu ya ubatizo, maana Paulo katika Warumi 6 anatufundisha kwamba tulizikwa pamoja na Kristo. Lakini hausemi juu ya kufufuka. Hapo tunahitaji Luka 15, ambapo mchungaji anamfuata kondoo mmoja aliyepotea na kumrudisha mabegani, akiwa hai. Kondoo yule hana la kujisifia. Watoto wetu wanaochunga wanalijua hili: mwana-kondoo hubebwa kwa sababu hawezi kutembea, si kwa sababu ametembea vizuri.

Kiswahili nacho kinatusaidia. Imani na amana ni maneno ya ukoo mmoja. Kuamini ni kujiweka mikononi mwa mwingine kama amana, ukijua kwamba anayetunza ni yeye. Ndivyo alivyofanya yule baba wa Marko 9, aliyemletea Yesu mtoto wake pamoja na mashaka yake, naye hakufukuzwa.

Wapendwa, tukisome kitabu hiki, na mfano wa simba tuusome mpaka mwisho, kisha tufungue Luka. Na atakayemtembelea mjane yule asimpime imani. Akae naye, asali naye, kisha tushirikiane kumpatia mbuzi wa kuanzia, kama wafugaji walivyozoea kusaidiana.